Elimu Aendayo Nayo Mwanafunzi wa Ughaibuni



Katika kikao kimoja cha kitaaluma, mwenzangu ninayemheshimu sana alisema, na wengi waliokuwapo wakamwafiki, ya kuwa kijana atokaye kwetu kwenda kusoma katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani ni kama mtungi upelekwao kisimani, huenda mtupu na kurudi umejaa, na wajibu wetu tuliobaki nyumbani ni kuuchunga usivunjike njiani wala usisahauliwe huko. Dhana hiyo imeenea mno, na ajabu yake ni kwamba wanaozisifu safari hizo na wanaozilaani huikubali sawasawa. Kwani hata yule aliaye kwamba wasomi wetu hawarejei huwa amekwisha kukiri moyoni kwamba kila walicho nacho wamekipata huko. Mimi naikataa, na wakati niliopewa leo nitautumia katika kuikataa.

Tarehe ya safari zenyewe mnaijua: Julius Nyerere huko Edinburgh tangu 1949 hata 1952, vijana 81 wa Kenya waliosafirishwa kwa ndege hadi Marekani mwaka 1959 kwa juhudi za Tom Mboya, na Wangari Maathai kule Kansas mwaka uliofuata. Sitakaa hapo. Swali ambalo aghalabu haliulizwi ni hili: vyuo vile vilipata nini kwa wageni wao?

Kitabu nikipendacho kuliko vyote katika mas'ala haya hakikuandikwa kwa ajili yake. Ni kazi ya Lilias Armstrong, mwalimu wa fonetiki katika University College ya London, iitwayo The Phonetic and Tonal Structure of Kikuyu, iliyochapishwa mwaka 1940 ilhali mwandishi wake alikwisha kufariki tangu 1937, na kazi ikakamilishwa na Beatrice Honikman. Ukurasa baada ya ukurasa, Bibi Armstrong anafuata kupanda na kushuka kwa sauti katika maneno ya Kikikuyu, akiyagawa katika jamii kwa kadiri ya toni zao, kisha akiyatia ndani ya sentensi ili aone toni ile imegeuka namna gani kwa ujirani wa maneno mengine. Nami kila nikisomapo hustaajabia subira iliyomo. Lakini kazi ya namna hiyo haitimizwi na sikio la mgeni peke yake. Yataka mtu mwenye lugha akae mbele yako, atamke, arudie, alinganishe, na alikatae lile ulilodhani umelisikia sawasawa. Mtu huyo alikuwa Jomo Kenyatta, aliyeajiriwa na idara ile ya fonetiki tangu 1935 hata 1937, na katika miaka iyo hiyo alikuwa mwanafunzi wa Bronisław Malinowski katika London School of Economics, mwendo mfupi wa miguu kutoka hapo.

Na tulitazame jambo hili bila haraka, kwa maana ndiyo ithibati yangu kubwa. Katika chuo cha kwanza Kenyatta alihesabiwa kuwa mtoa habari, na jalada la kitabu halina jina lake. Katika chuo cha pili, kwa ujuzi wa watu wale wale na lugha ile ile, aliandika Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938 kwa dibaji ya Malinowski mwenyewe, akawa mwandishi. Baina ya majengo yale mawili ujuzi wake haukuzidi wala haukupungua. Kilichotofautiana ni mkono ulioshika kalamu. Je, huyu ndiye aliyekwenda mtupu?

Mpinzani wangu atajibu kwamba lau si mafunzo ya Malinowski, Kenyatta asingejua kuyapanga aliyoyajua kwa namna ya kitaalamu. Nalikubali hilo bila kinyongo. Atasema tena kwamba hoja yangu yafaa kwa lugha na mila tu, na kwamba mwanafunzi wa uhandisi au wa tiba hana cha kupeleka. Hapo namkubalia nusu tu, kwani kijana aendaye kusoma Liverpool, katika chuo cha maradhi ya nchi za joto kilichoasisiwa 1898, yamkini amekwisha kuikesha homa ya malaria kitandani pa ndugu yake, ilhali mwenzake aketiye naye darasani ameisoma kitabuni. Fauka ya hayo, huko Uingereza mgeni atokaye nchi zetu alianza kutozwa gharama kamili ya masomo tangu mwaka 1980, hata akawa anaulipia mlango anaouingia akiwa na elimu mkononi.

Nilipokuwa mwanafunzi ughaibuni, mwalimu mmoja aliniomba nimsomee maneno ya lahaja ya kwetu mbele ya kinasa sauti, nami nikasoma jioni nyingi, nikimweleza pia kwa nini wazee wa kwetu hutamka hivi na vijana vile. Makala yake ilipotoka, maelezo yangu yalikuwamo yote, nami nikashukuriwa katika tanbihi kuwa ni mzungumzaji mmoja wa pwani. Sidhani alikusudia kunidhulumu. Aliamini, kama aaminivyo mwenzangu wa kikao kile, kwamba nimekwenda kupokea, na apokeaye hatazamiwi kuwa na mali yake.

Basi nakiomba chuo chetu kiwatake wote tunaowapeleka nje kwamba kila tasnifu ihusuyo nchi zetu iletwe nakala yake katika maktaba hii, pamoja na muhtasari wa Kiswahili ulio kamili, upate kusomwa na wale walioulizwa maswali. Nanyi vijana mnaojitayarisha kuondoka, jifunzeni lugha za mama zenu barabara kabla ya kupanda ndege. Na mtakapoombwa ujuzi wenu huko, utoeni kwa ukarimu, lakini takeni majina yenu yaandikwe pamoja na ya waandishi.