Kabla ya kulipa, tazama juu: maneno juu ya nyumba za fibrosimenti

(Maneno ya ekipe yetu ya terani mbele ya mkutano wa wanachama na wafadhili, Niania)



Tangu watu walipoanza kurudi, ulizo moja linatufikia mara kwa mara: "Kuna nyumba ya zamani inauzishwa. Ni ya matofali, chini simenti, juu mabamba ya kijivu. Bei si kubwa. Tununue?" Mtu aliyelala chini ya shitingi miezi mingi hawezi kudharau nyumba kama hiyo. Ndiyo maana leo tunataka kusema juu ya yale mabamba ya kijivu, kwa sababu makuta ya kununua nyumba hayapatikani mara mbili.

Yale mabamba yanaitwa fibrosimenti. Ni simenti iliyochanganywa na nyuzi za jiwe moja linaloitwa amianti. Wakati wa wakoloni, na miaka mingi kisha, yaliwekwa kwenye nyumba, masomo na hospitali, juu kama paa, na ndani kama plafoni. Waliojenga walikuwa na sababu. Bati linachoma mchana, na mvua ikinyesha hamsikilizani. Fibrosimenti inazuia joto, inapunguza makelele, haipati kutu, na mchwa hauili. Anayeisifu hadanganyi.

Shida iko ndani ya zile nyuzi. Bamba likipasuliwa, likikatwa na msumeno, likitobolewa, au likichakaa kwa jua na mvua, nyuzi zinatoka. Ni ndogo sana, jicho haliwezi kuziona. Zikiingia kwenye mapafu zinabaki humo. Ugonjwa hauji kesho. Unaweza kuja kisha miaka 20, 30, hata 40: mapafu kukauka, kansa ya mapafu, na kansa ya ngozi nyembamba inayofunika mapafu. Kwa mvutaji wa tumbako hatari ya kansa ya mapafu inazidi sana.

Mwaka 1960, mwaka uleule wa uhuru wetu, daktari Wagner na wenzake walitangaza wagonjwa 33 wa kansa hiyo ya ngozi ya mapafu huko Afrika ya Kusini, karibu na machimbo ya amianti. Wengi wao hawakuwa wachimbaji. Walikuwa watu walioishi tu karibu na machimbo, wengine tangu utoto.

Huko Italia, kwenye mji wa Casale Monferrato, kulikuwa kiwanda kikubwa cha fibrosimenti. Watu wa mji walichukua vumbi la mabaki yake wakalimwaga juu ya plafoni kuzuia joto na baridi, na wengine kwenye viwanja na njia. Kiwanda kilifungwa mwaka 1986, lakini watu waliendelea kufa, hata wamama waliofua tu nguo za waume zao. Tunawaambia hii kwa sababu hapa pia mtu anaweza kuona vipande vilivyovunjika na kusema: vizuri, nitajazia shimo mbele ya mlango.

Sasa, kuna mabishano. Wengine wanasema paa yote ing'olewe mara moja. Rwanda ilichagua njia hiyo: serikali ilihesabu zaidi ya mita za mraba milioni 1 za paa hizo, ikaanza kuzitoa. Wengine wanasema bamba zima, lisiloguswa, linatoa nyuzi kidogo sana, na kuling'oa ovyo ni hatari kuliko kuliacha. Pande zote mbili ziko na ukweli. OMS inasema aina zote za amianti zinaleta kansa, na Ulaya imeikataza tangu 2005. Lakini juu ya maji ya mvua yanayotoka kwenye paa, OMS haijaona ushahidi wa kutosha kwamba kuyanywa kunaleta ugonjwa. Woga mkubwa uwe juu ya vumbi.

Basi, tununue ao tusinunue? Jibu letu ni hili: paa iingie kwenye bei. Muuzaji anauzisha matofali na parsele, lakini anakuachia pia kazi ya kutoa paa siku moja. Nyumba ya mita 8 kwa 10 inaomba karibu bati 50 za mita 3, pamoja na mbao, misumari na mafundi. Fanya hesabu hiyo kwanza, kisha uongee bei.

Panda ngazi utazame, usikanyage bamba. Kama ni zima, unaweza kupata wakati wa kujipanga. Kama limepasuka, linamwaga unga, ao plafoni inaangukia watoto, hesabu paa mpya tangu siku ya kwanza. Jicho peke yake haliwezi kuhakikisha kama amianti imo, ni laboratware tu. Kwa nyumba ya zamani, fanya kama imo.

Na uandike. Sheria yetu ya mikataba, ile ya tarehe 30 Julai 1888, inamlazimisha muuzaji kujibu juu ya kasoro iliyofichwa. Kwa kasoro ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe, hajibu. Paa haikufichwa, iko pale juu. Ukilipa bila neno, utabaki nayo. Hali ya paa, na bei iliyopunguzwa kwa ajili yake, viandikwe kwenye karatasi ya mauzo, mbele ya washahidi, pamoja na uchunguzi wa hati za parsele.

Kwa wale ambao tayari wanaishi humo: msitoboe, msikate, msisugue ukungu kwa burashi, msifagie vumbi kavu. Msinoe panga juu ya kipande, msikitupe motoni, kinaweza kupasuka kwa nguvu. Siku ya kutoa, lowanisheni kwa maji, fungueni bamba zima zima, fungeni ndani ya plastiki, zikeni mbali na kisima, na pawekwe alama. Watoto wasikuwe karibu.

Kwa hiyo tunaleta maombi mawili. Kwa chama: mwanachama akiomba mkopo wa nyumba kwenye sanduku letu, paa itazamwe kwanza na hesabu yake iandikwe ndani ya ombi. Kwa wafadhili: mnapotoa bati, toeni pia plastiki, maski zinazofaa na malipo ya mafundi waliofundishwa. Bati bila vitu hivyo vitawafanya watu wavunje paa ya zamani kwa nyundo, na watoto waokote vipande.

Tumerudi ili watoto wakomee hapa. Nyumba tunayowanunulia leo, wao ndio watapumua ndani yake kisha miaka 30.  Maulizo sasa, tafadhali.