Daftari ya deni na amani ya mtaa



Leo tuongee juu ya butiki ya mtaani. Kila avenyu ya Bukavu inayo: mbao, mabati, na taa ya jioni. Mna chumvi, sabuni, ndagala, mafuta ya mawese, unga wa mihogo unaopimwa kwa kopo la Guigoz. Anayepata franka za leo kwa chakula cha leo hawezi kununua mfuko mzima, anaenda pale.

Tena kuna daftari ya deni. Mama wa butiki anaandika jina lako na kungoja, bila notere wala shahidi. Yeye naye amechukua mali kwa deni kwenye depo. Hivyo depo inamwamini mama, mama anakuamini wewe. Huo ni mnyororo wa amani.

Vita huukata. Mwezi wa Juni 2004, waasi walipouteka mji, watu waliporwa. Februari 2025, jeshi lilipoondoka na M23 ikaingia, depo na maduka yaliporwa tena, na si wenye bunduki peke yao waliobeba mifuko.

Sasa jiulize: mfuko ulioporwa unaenda wapi? Unatafuta mnunuzi. Atakuja kijana usiku na sukari kwa nusu ya bei. Wengi husema: "Mimi sikuiba, nimenunua tu." Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 101 cha sheria yetu ya makosa kinamwadhibu pia anayepokea na kuficha mali ya mwingine iliyopatikana kwa kosa. Na tuache sheria kidogo: sukari ile ni ya jirani yako. Akifilisika, ni nani atakayekukopesha unga mtoto akilia?

Kwa hiyo, mwenye butiki, uliza mali imetoka wapi. Isiyo na fakture, ikatae. Mnunuzi, bei ya ajabu ikuogopeshe. Na kama duka la jirani limeporwa, deni lako halikuporwa. Hata daftari ikipotea, wewe unajua unadaiwa nini. Mkishindwana, nendeni kwa chefu wa avenyu, mpatane kulipa kidogo kidogo.

Amani haingoji mikutano ya wakubwa tu. Nenda kalipe.