Oda Inapofutwa Baada ya Malipo: Haki za Mlaji Anayenunua Mtandaoni

Mada iliyotolewa kwa vikundi vya wakulima na wajasiriamali, Dodoma



Ununuzi wa mtandaoni umetufupishia safari. Mkazi wa Mpwapwa, Kondoa au Manyoni halazimiki tena kupanda basi hadi Kariakoo kutafuta kifaa kisichopatikana katika maduka ya karibu naye. Hukiona katika simu, hulipa kwa lipa namba, kisha husubiri kupigiwa simu kwamba mzigo umefika stendi. Mara nyingi mambo huenda vizuri. Nimekuja kuzungumzia siku yasipokwenda vizuri: fedha zimekwisha kulipwa, wiki zimepita, na ujumbe unaofika ni huu, "Samahani bosi, mzigo umeisha, oda yako tumeifuta."

Tuanze kwa kuielewa biashara yenyewe. Bidhaa nyingi zinazotangazwa katika kurasa za mitandao ya kijamii hazipo dukani wakati zinapotangazwa. Muuzaji hupokea oda na malipo kwanza, hukusanya wateja wa kutosha, ndipo huagiza mzigo kutoka Dar es Salaam, China au Dubai. Utaratibu huu si kosa. Humwezesha mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo kushiriki biashara kubwa. Lakini ndani ya wiki hizo za kusubiri, bei ya kiwandani yaweza kupanda, shilingi yaweza kushuka mbele ya dola, au msambazaji aliyetegemewa akakosa bidhaa. Hatari hizo ni za kweli. Swali ni moja: nani azibebe?

Katika malalamiko ya aina hii, jibu huwa ni mnunuzi. Bei ikipanda, oda yake hufutwa. Bei ikishuka, oda hubaki na yeye hulipa bei ileile ya mwanzo. Wakati wote huo fedha zake zimekaa mikononi mwa muuzaji kama mkopo usio na riba, naye hakuulizwa kama anataka kukopesha.

Tuchukue mfano. Mkulima wa zabibu wa Mpunguzi analipa shilingi 380,000 mwezi Novemba kwa ajili ya bomba la injini la kupulizia dawa. Anaahidiwa wiki tatu. Wiki ya tatu anaambiwa mzigo uko bandarini. Wiki ya tano anaambiwa umetoka bandarini. Wiki ya sita ujumbe wake unasomwa, lakini haujibiwi. Wiki ya nane, mvua zikiwa zimekolea na ukungu umeanza kushika majani, anaarifiwa kwamba oda imefutwa. Achague bidhaa nyingine, au arudishiwe shilingi 340,000 baada ya kukatwa "gharama za usumbufu".

Hasara ya mkulima huyu haiishii kwenye shilingi 40,000 alizokatwa. Angejua mwanzoni mwa Desemba kwamba bomba halipo, angeazima la jirani, angekodi, au angenunua la mkono. Hakufanya hivyo kwa sababu aliahidiwa. Kila "kesho" aliyoambiwa ilimzuia kutafuta njia nyingine. Ndiyo maana tunasema kwamba mteja anayeambiwa "hapana" mapema ametendewa haki kuliko anayeambiwa "subiri kidogo" kwa miezi miwili.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya kielektroniki ajitambulishe kwa mnunuzi: jina lake, anwani yake, maelezo ya bidhaa na bei yake kamili. Inamtaka atimize oda ndani ya siku 30 tangu alipoipokea, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana muda mwingine. Muda huo ukipita bila bidhaa kufika, mnunuzi anaweza kuvunja makubaliano kwa kutoa notisi. Na bidhaa ikiwa haipatikani, muuzaji ana wajibu wa kumjulisha mnunuzi na kumrejeshea malipo yake.

Angalieni neno "malipo". Kinachorudi ni fedha. Mnunuzi anaweza kukubali bidhaa mbadala au salio la kutumia dukani akipenda, lakini halazimiki. Wala haieleweki kwa nini alipe "usumbufu" mtu ambaye ndiye aliyesumbuliwa.

Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ushindani, inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara. Muuzaji anayetangaza kwamba bidhaa "ipo" huku akijua kwamba haipo, anaingia katika eneo la katazo hilo. Sheria ya Mikataba nayo inatambua fidia kwa hasara inayotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa makubaliano.

Hata hivyo, tusidanganyane. Sheria humfikia mtu anayejulikana. Mwaka 2019 kampuni ya Jumia ilipofunga shughuli zake nchini, liliondoka soko moja kubwa la mtandaoni lililosimama katikati ya muuzaji na mnunuzi. Leo biashara nyingi hufanyika moja kwa moja kati ya mtu na ukurasa. Ukurasa usio na jina la mmiliki, usio na duka wala namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, unaweza kufutwa usiku mmoja. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza hufanyika kabla ya kulipa.

Kabla ya kulipa, uliza mambo manne. Je, bidhaa ipo mkononi au inaagizwa? Itafika tarehe gani? Isipofika tarehe hiyo, fedha zitarudi lini na kwa njia gani? Na biashara hii inaitwa nani na iko wapi? Majibu yawe ya maandishi. Muuzaji akipiga simu na kueleza vizuri, mshukuru, kisha mwandikie: "Kama tulivyozungumza, bomba litafika tarehe 28 Novemba, na lisipofika utanirejeshea shilingi 380,000." Akijibu "sawa", mmekubaliana. Ikiwezekana, lipa sehemu tu ya bei na umalizie wakati wa kupokea mzigo. Unapolipa kwa lipa namba, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likitofautiana na jina la duka, simama uulize.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la siku hizi ni simu yako. Hifadhi picha ya tangazo likionesha bei, mazungumzo yote, ujumbe wa muamala, na risiti ya EFD. Sheria ya mwaka 2015 inatambua ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi. Usiufute kwa hasira.

Oda ikichelewa au ikifutwa, fuata hatua kwa mpangilio.

Hatua ya kwanza ni kuacha kuuliza na kuanza kudai. Swali la "vipi, mzigo wangu umefikia wapi?" linaweza kujibiwa mara ishirini bila kuleta matokeo. Andika hivi: "Tarehe 7 Novemba nililipa shilingi 380,000 kwa bomba la kupulizia dawa. Uliahidi kulileta tarehe 28 Novemba. Halijafika. Navunja makubaliano na naomba fedha zangu zote zirejeshwe katika namba niliyolipia ifikapo tarehe 12 Desemba. Zisiporejeshwa, nitawasilisha malalamiko kwa mamlaka husika." Maneno hayo hayana tusi, na yana kila kitu ambacho mtu wa tatu atahitaji kujua.

Hatua ya pili, ikiwa ni kampuni yenye kitengo cha huduma kwa wateja, omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko na jina la anayekuhudumia, na uandike tarehe. Mteja anayepelekwa kwa mtu mpya kila siku hulazimika kusimulia habari yake upya. Namba ya kumbukumbu humwondolea adha hiyo.

Hatua ya tatu, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, kwa maandishi, ukiambatisha vielelezo. Kwa madai madogo ya fedha, Mahakama ya Mwanzo nayo ipo. Kampuni ya simu inaweza kushughulikia fedha zilizotumwa kwa namba isiyokusudiwa, lakini si mwamuzi wa mgogoro wa bidhaa. Na ukigundua kwamba hakukuwa na duka wala bidhaa tangu mwanzo, huo ni utapeli: toa taarifa polisi, na tuma namba ya tapeli kwenda 15040.

Neno kwa wauzaji, maana najua baadhi yenu mko hapa. Ahadi ni deni. Andikeni wazi "inaagizwa" pale bidhaa isipokuwepo. Fedha za oda msizichanganye na matumizi ya nyumbani, kwa kuwa bado mnazidaiwa hadi mzigo ufike. Mambo yakiharibika, semeni siku ileile. Mteja aliyerejeshewa fedha zake zote bila kusumbuliwa huweza kurudi. Aliyezungushwa hawezi, na atawaambia majirani.

Ndugu zangu, subira huvuta heri pale inapokuwa na tarehe. Anayenunua bidhaa inayosubiriwa aijue tarehe hiyo, aiandike, na siku ikipita adai haki yake akiwa bado na muda wa kutafuta njia nyingine kabla msimu haujamwacha.