Kumsaidia Mzee si Kumpokonya Jembe

Mazungumzo kwa wakazi wa kata kuhusu huduma na matunzo ya wazee



Wahenga walinena kuwa penye wazee haliharibiki neno. Hata hivyo, katika nyumba nyingi mzee yupo, ila neno halimfikii. Shamba hukodishwa bila yeye kuulizwa, mbuzi huuzwa akiwa amelala, na siku ya kikao cha ukoo huletewa kiti, chai na taarifa ya mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Wanaofanya hivyo si watu wabaya. Wengi wao humpenda mzazi wao, na hudhani kuwa kumpenda ni kumwondolea kila kazi na kila uamuzi. Hapo ndipo panapohitaji kurekebishwa.

Mwili wa mzee hauhifadhiwi kwa kuwekwa kando. Misuli ya miguu isipotumika hudhoofu upesi, na nguvu iliyopotea uzeeni hairudi kwa urahisi. Miguu ikilegea, mzee huanguka. Akianguka, aweza kuvunjika nyonga. Na wengi waliovunjika nyonga hawarudii tena mwendo wao wa awali. Basi mtoto anayemwambia mama yake kila siku, “Mama, wewe pumzika tu,” humsogeza karibu na kitanda kile kile anachokihofia.

Lililo bora ni kupunguza uzito wa kazi, si kuiondoa kazi yenyewe. Bibi aliyezoea kubeba ndoo ya lita 20 achotewe maji na wajukuu, naye abaki na dumu la lita 5 la kumwagilia mchicha wake nyuma ya nyumba. Babu aliyeshindwa kwenda shamba la mbali atengewe matuta mawili karibu na nyumba, na jembe lake lisifichwe.

Nyumba nayo imsaidie. Chooni pasimikwe nguzo imara ya kushikilia, na kwa mwenye magoti mabovu pawekwe kigoda chenye tundu. Njia ya kwenda huko iondolewe mawe na utelezi, na usiku pawe na taa. Anayetumia dawa za shinikizo la damu aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, maana baadhi ya dawa hizo huleta kizunguzungu.

Yapo pia maradhi yanayodhaniwa kuwa ni uzee wenyewe. Mtoto wa jicho ni miongoni mwa sababu kubwa za upofu, nao huondolewa kwa upasuaji mfupi. Mzee anayelaumiwa kuwa mkaidi pengine hasikii tu, na mara nyingine kinachoziba sikio ni nta ambayo mhudumu wa afya aweza kuisafisha. Kabla ya kusema “huo ni uzee,” mpelekeni kituo cha afya.

Sera ya Taifa ya Wazee humtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na utaratibu wa msamaha wa gharama za matibabu katika vituo vya umma umewekwa kwa wazee wasio na uwezo. Mahali pa kuanzia ni ofisi ya serikali ya kijiji au mtaa, kisha Afisa Ustawi wa Jamii. Familia imsindikize mzee, ibebe nyaraka zake, kisha imwache aeleze shida yake mwenyewe.

Kuhusu fedha, namba ya siri ya simu ya mzee ni mali yake. Mjukuu anaweza kumsomea ujumbe, lakini kutoa fedha bila ridhaa yake ni wizi, hata kama zimenunua unga wa nyumba hiyo hiyo. Kumbukumbu ikianza kufifia, familia isingoje mpaka izimike. Akiwa bado ana utambuzi, aulizwe ni nani anaowaamini wamsimamie, na alitaje jambo hilo mbele ya mashahidi, likaandikwa. Kwa njia hiyo, hata siku atakapokuwa hawezi kuamua, uamuzi utakaofuatwa utakuwa wake.

Nanyi wazee wetu, shikamooni. Msione haya kusema mnachokitaka na msichokitaka. Anayeombwa msaada wa kushikwa mkono asigeuke kuwa mbebaji, na mwenye kuona kuwa sauti yake imezimwa nyumbani alifikishe jambo hilo kwa baraza la wazee la eneo lake, au kwa Afisa Ustawi wa Jamii.

Kwa familia, kazi ya kuanzia haina gharama. Kabla ya kuuza, kukodisha, kuhamisha au kujenga, mzee aulizwe, “Wewe waonaje?” Kisha asubiriwe mpaka amalize kujibu.