Tusome Riwaya, Tubishane

Mazungumzo na wazazi na vijana wa Minto

Najua wengine mmetoka kazi ya usiku na hamjalala. Leo sitazungumza juu ya fomu, nyumba wala bili ya umeme. Nataka tuzungumze juu ya riwaya, yaani hadithi ndefu inayojaza kitabu kizima, na juu ya kubishana kuhusu riwaya hizo nyumbani kwetu.

Mtaniuliza, kuna haja gani? Ninapotembelea familia zetu, Kiswahili ninachosikia kati ya mzazi na mtoto mara nyingi ni cha amri. Umekula? Umemaliza kazi ya shule? Zima simu. Mtoto anajibu neno moja la Kiingereza, basi. Lugha ipo, lakini kila mwaka inapungua. Siku mtoto anapokuwa na jambo zito moyoni, hana Kiswahili cha kulisema, na mzazi hana Kiingereza cha kulisikia. Hapo ndipo nyumba inaumia. Riwaya inaweza kuturudishia maneno tuliyoacha kuyatumia.

Kila mtu ana anachokipenda, na riwaya za Kiswahili ni za aina nyingi. Ukipenda upelelezi, tafuta Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichotoka mwaka 1960. Humo utakutana na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, anayechunguza kifo cha mtu. Kijana anayependa mbio na hatari atamfurahia Willy Gamba, mpelelezi wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona. Anayependa safari atasoma Siku Njema cha Ken Walibora, cha mwaka 1996, ambamo kijana anatoka Tanga mpaka Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Wengi wetu hapa tunaelewa maana ya kumtafuta mtu wako ng'ambo ya mpaka.

Anayependa mapenzi na historia kwa pamoja, asome Vuta n'kuvute cha Adam Shafi. Ni Unguja ya miaka ya 1950, wakati wa Waingereza. Yasmin, msichana mdogo, ameozeshwa mwanamume mwenye umri mkubwa, naye anakimbia. Je, alikosa adabu au aliokoa maisha yake? Muulize bibi na mjukuu swali hilo wakiwa meza moja, kisha ukae usikilize.

Abdulrazak Gurnah naye alitoka Zanzibar akiwa kijana, akaenda Uingereza kama mkimbizi. Mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Riwaya yake Paradise imetafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi. Ni hadithi ya Yusuf, mtoto aliyetolewa na baba yake kwa tajiri kwa sababu ya deni. Vijana, ingieni humo mkijua kwamba aliyeiandika aliwahi kuwa mgeni asiye na kitu, kama sisi.

Lakini kitabu nilichoona kikiwasha moto zaidi ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971. Kiliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi na mkali. Anampiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anapokwenda shule ya mbali, mambo yanamharibikia vibaya.

Tulikisoma kwa sauti na familia chache hapa Minto. Baba mmoja akasema, "Zakaria alikuwa na haki ya kumlinda mtoto. Kilichomharibu ni pombe." Binti yake, wa miaka kumi na sita, akajibu taratibu, "Baba, alimkataza kila kitu, lakini hakumfundisha kitu." Mama mwingine akaingilia, "Mbona mama yake Rosa hamumsemi? Yeye alikuwa wapi?" Wakabishana mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyesema "wewe baba" au "wewe binti". Wote walikuwa wanazungumza juu ya Rosa, na wote walijua ni ya kwao pia. Baba hakuaibishwa, na binti hakuvunja adabu.

Ndugu zangu, sisi tumeulizwa habari zetu mara nyingi mno. Kambini, ubalozini, hospitalini: eleza ulitoka wapi, nani alikufa, lini. Wengine tumechoka kujieleza. Riwaya haikuulizi. Unaweza kusema juu ya Yasmin au Yusuf jambo ambalo juu yako mwenyewe halitoki mdomoni. Ukitaka kuishia hapo, unaishia hapo. Ndiyo maana naomba sana: mtu akitoa maoni juu ya hadithi, msimuulize, "Kwani na wewe yalikupata?" Akitaka kusema, atasema mwenyewe.

Baadhi yenu mtasema, "Mimi sijui kusoma," au "Mimi nilisoma kwa Kifaransa." Ni kweli, shule za Kongo, na hata zile za Wakongo pale Nyarugusu, zilifundisha kwa Kifaransa. Basi mtoto asome, mzazi asikilize. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto anayesoma Kiingereza atakizoea upesi. Yeye ana macho ya kusoma, wewe una maana ya maneno. Kwa daktari na dukani mtoto ndiye mkalimani wako. Mezani hapa, wewe ndiwe unayemfafanulia. Mpeni mtoto nafasi ya kuona kwamba mama yake anajua mengi.

Kiswahili cha Unguja kikikushinda, usione haya. Neno likikwama, mtu wa Uvira aseme wao wanaliitaje, na wa Bujumbura na wa Lubumbashi vilevile. Hayo nayo ni mazungumzo.

Tubishane kwa utaratibu. Kila mmoja aseme "mimi naona hivi, kwa sababu," kisha aonyeshe mahali kwenye kitabu panapomuunga mkono. Mkubwa asimnyamazishe mdogo, na mdogo asimcheke mkubwa. Anayependa upelelezi asidharau mapenzi, wala anayependa historia asiseme vitabu vya Willy Gamba ni vya kitoto. Kwa vijana, hii ni kazi ya shule pia. Hapa New South Wales, Kiingereza ndilo somo pekee la lazima kwenye HSC, na humo mnatakiwa kutoa maoni juu ya hadithi na kuyatetea kwa ushahidi. Aliyezoea kubishana na baba yake juu ya Zakaria hataogopa karatasi ya mtihani.

Kuhusu kupata vitabu, kujiunga na maktaba ya umma hapa ni bure. Kutoka Minto, Ingleburn ni kituo kimoja cha treni, na Campbelltown ni vituo viwili upande wa pili. Kote kuna maktaba. Kitabu cha Kiswahili kisipokuwepo, muulize mhudumu kama anaweza kukiagiza kutoka maktaba nyingine. Anayesafiri kwenda Nairobi au Dar es Salaam, mtumeni akununulie kimoja. Kitabu kimoja kinatosha familia tano tukipokezana.

Ombi langu ni dogo. Wiki hii, jioni moja, zimeni televisheni kwa nusu saa. Mtoto asome kurasa tano kwa sauti. Kisha mzazi aulize, "Wewe ungefanyaje?" Akijibu tofauti na unavyotaka, usikasirike. Mwambie, "Niambie kwa nini," halafu umsikilize mpaka amalize.