Wazee, Msingoje Mkojo Ufunge

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

Leo tutaongea mambo ambayo wanaume huyanyamazia. Tutaongea juu ya mkojo. Msicheke sana, kwani huenda hapa kuna mzee aliyeamka mara tano usiku wa jana kwenda nje.

Chini ya kibofu, kila mwanamume ana tezi ndogo, tezi dume, inayotengeneza sehemu ya maji yanayobeba mbegu. Njia ya mkojo inapita katikati yake. Mtu akifika miaka 50 hivi, mara nyingi tezi hii huanza kukua na kuibana njia, kama vile mtu akikanyaga mpira wa kunyunyizia mboga maji. Mkojo unachelewa kuanza, unatoka kidogo kidogo, na ukimaliza unasikia bado.

Akina mama, msimshuku mzee. Kukua kwa tezi si ugonjwa wa zinaa, wala hakurogwa. Ni umri.

Ubaya ni kungoja. Siku nyingine mkojo unafunga kabisa, tumbo la chini linavimba, na maumivu ni makali. Hapo si wakati wa kuchemsha mizizi. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ataingizwa mpira mwembamba ili mkojo utoke. Mkojo ukizuiliwa muda mrefu, unaweza kuharibu figo. Tena, dawa zingine za mafua zinaweza kuufunga, kwa hivyo mweleze muuza dawa shida yako kabla hujanunua.

Kliniki watakuuliza maswali, watapima mkojo na pengine damu, na daktari anaweza kuigusa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Wengi hukimbia hapo! Ndugu zangu, haichukui hata dakika moja. Kuna vidonge vya kusaidia, na wengine hufanyiwa upasuaji.

Kukua huku si saratani. Lakini saratani ya tezi dume nayo iko, na ni kati ya zile zinazowapata wanaume wengi hapa Kenya. Mwanzoni yaweza kukaa kimya bila dalili. Ukifika miaka 50, ama 40 kama baba au ndugu yako aliugua, muulize daktari juu ya kupimwa.

Vijana, na nyinyi mnahusika. Mkojo wenye damu upelekwe kupimwa. Pwani mara nyingi ni kichocho, kinachotoka kwa maji ya madimbwi yenye konokono, na kina dawa. Usaha na kuwashwa ukikojoa, tibiwa wewe pamoja na mwenzako. Nguvu za kiume zikipungua, pima sukari na presha. Usinunue vidonge vya sokoni: mtu anayetumia dawa fulani za moyo vinaweza kumwua.

Mzee anayebebwa usiku kwa gari la kukodi huuziwa mbuzi. Anayeenda mapema hulipa nauli tu. Jiandikisheni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mkiwa bado wazima.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
1. Kwa nini wanaume wetu huona haya kwenda kliniki?
2. Je, tunaweza kutenga pesa kidogo za nauli ya dharura kila mkutano?
3. Nani atamsindikiza mzee wa jirani wiki hii?