Karo Iliyotajwa na Gharama Isiyotajwa: Safari ya Uuguzi Ughaibuni

Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili waliohamia Marekani, wawe wametoka Kenya, Tanzania, Burundi au mashariki mwa Kongo, uuguzi ni mlango wa kuingilia katika kazi yenye heshima na mshahara wa uhakika. Wengi huanza kama wasaidizi wa wauguzi katika nyumba za kutunzia wazee, kazi inayohitaji, kwa mujibu wa sheria ya shirikisho, mafunzo ya saa zisizopungua 75. Kisha hupania kuwa wauguzi kamili. Barua ya kukubaliwa chuoni inapofika, familia husherehekea, hutazama kiwango cha karo, hukipima na uwezo wake, na huamini kwamba hesabu imekamilika. Kumbe hesabu ndiyo kwanza inaanza.

Si kwamba vyuo vinawadanganya wanafunzi. Ankara ya chuo hueleza kile ambacho chuo chenyewe kinadai. Haielezi kile ambacho mwanafunzi atalazimika kuwalipa watu wengine. Na katika uuguzi, hao wengine ni wengi.

Kabla ya mwanafunzi kuruhusiwa kumgusa mgonjwa, hospitali inayompokea kwa mafunzo ya vitendo hudai uthibitisho wa chanjo za surua, tetekuwanga na homa ya ini aina ya B, pamoja na kipimo cha kifua kikuu. Aidha hutakiwa kuchunguzwa rekodi zake za uhalifu, mara nyingi kwa kuchukuliwa alama za vidole, kupimwa matumizi ya dawa za kulevya, na kuwa na cheti cha kuokoa maisha ya mtu aliyesimama moyo. Ziongezwe sare, viatu, saa yenye mshale wa sekunde, kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo, vitabu, na malipo ya programu za kompyuta za kufanyia mazoezi ya mitihani. Kila kimoja peke yake chaweza kuonekana kidogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinachojaa ni cha deni.

Tatizo la pili ni la wakati. Ruzuku ya serikali ya shirikisho ijulikanayo kama Pell, ambayo katika mwaka wa masomo wa 2024 hadi 2025 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395, huwafaa wakaazi wa kudumu na wakimbizi wenye kipato cha chini, sawa na raia. Hata hivyo, fedha hizo hulipa kwanza madai ya chuo, na salio, kama lipo, mara nyingi humfikia mwanafunzi wiki kadhaa baada ya masomo kuanza. Chanjo na sare hazisubiri salio. Asiyekamilisha masharti kwa tarehe iliyowekwa huondolewa katika orodha ya mafunzo ya vitendo, na aliyekosa mafunzo hayo huenda akasubiri muhula mwingine, au hata mwaka.

Gharama kubwa kuliko zote haina risiti: ni mshahara uliokosekana. Mafunzo ya vitendo aghalabu huanza saa moja asubuhi au kabla yake, pengine katika hospitali iliyo mbali na njia ya basi. Kwa hiyo gari, mafuta na bima yake huwa si anasa tena. Mama mwenye watoto wadogo hulazimika kumlipa mtu wa kuwaangalia tangu alfajiri. Aliyezoea kufanya zamu tano za usiku kwa juma hupunguza hadi mbili, na pato la nyumba hupungua wakati uleule matumizi yanapoongezeka.

Hapo ndipo uzito unapovuka bahari. Ndugu walioko Kigoma, Uvira au Mombasa, waliokuwa wakitegemea fedha za kila mwezi, huona zimepungua na hudhani wamesahauliwa. Ni vigumu kwao kuelewa kwamba mtu aliyepata nafasi ya chuo amekuwa maskini zaidi kuliko alipokuwa mfanyakazi. Mwanafunzi naye, kwa kuona haya, huendelea kutuma kile asichokuwa nacho, huongeza zamu kwa siri, na husinzia darasani. Vyuo vingi vya uuguzi hudai alama za kufaulu zilizo juu kuliko za masomo ya kawaida. Kushindwa somo moja ni kulilipia upya, na kushindwa mara ya pili huweza kuwa mwisho wa safari.

Mambo si tofauti sana nchini Uingereza. Katika England, ufadhili wa awali wa wanafunzi wa uuguzi ulifutwa kwa waliojiunga kuanzia Agosti 2017, na nafasi yake ikachukuliwa na mikopo. Mwaka 2020 ikaanzishwa ruzuku isiyorejeshwa ya pauni 5,000 kwa mwaka kwa wanaostahili, na nyongeza ya pauni 2,000 kwa wenye watoto wanaowategemea. Lakini mwanafunzi hutakiwa kutimiza saa 2,300 za mafunzo ya vitendo bila mshahara, na nauli inayorejeshwa, hurejeshwa baada ya yeye kwisha kuitoa mfukoni.

Yapo yanayoweza kufanywa mapema. Huko Marekani, sheria inaruhusu makadirio ya gharama za masomo yajumuishe vitabu, usafiri, malezi ya watoto na hata ada ya leseni ya kwanza. Mwanafunzi anaweza kwenda katika ofisi ya misaada ya fedha akiwa na risiti zake na kuomba makadirio yake yatazamwe upya. Wengi hawaombi kwa sababu hawajui kwamba inawezekana. Idara za afya za wilaya nyingi hutoa chanjo kwa bei nafuu, na kadi ya chanjo iliyotolewa kabla ya safari, hata kama ni ya kambini, yafaa itunzwe kama pasipoti, kwani huokoa fedha za kuchanjwa au kupimwa damu upya. Baadhi ya nyumba za wazee husaidia karo za wafanyakazi wao, kwa sharti la kuendelea kufanya kazi hapo kwa muda uliokubaliwa. Sharti hilo lisomwe kabla ya kutia saini.

Muhimu zaidi, hesabu ya familia isiishie siku ya mahafali. Joho halimpi mtu ruhusa ya kutibu. Mhitimu hulipa ada ya leseni katika jimbo lake, kisha dola 200 za mtihani wa taifa wa wauguzi. Akishindwa, husubiri siku zisizopungua 45 na kulipa tena. Michango ya ndugu na marafiki hukusanywa kwa moyo mkunjufu siku ya sherehe, ukumbi ukajaa na chakula kikatosha. Sehemu ya michango hiyo ikiwekwa kando kwa ajili ya mtihani, itamfaa mhitimu kuliko ukumbi na muziki.